Programu ya zamani ya DOS inagoma kwenye Windows ya biti 64

Ndugu, nimekuelewa: una programu ya zamani kwenye disketi, umebadilisha jina lake kutoka .COM kuwa .EXE, na bado Windows ya biti 64 inaikataa. Kubadilisha jina hakusaidii, kwa sababu jina halibadilishi aina ya faili. DOS yenyewe (mfumo endeshi wa zamani wa Microsoft) hutazama baiti mbili za mwanzo za faili: ikikuta herufi MZ (za Mark Zbikowski, aliyekuwa mhandisi wa Microsoft), inaichukulia kama EXE, isipozikuta, inaipakia kama COM, yaani kodi tupu isiyo na kichwa (maelezo ya mwanzo kuhusu faili), inayoanzia anwani ya 256 ndani ya sehemu yake ya kumbukumbu na kubanwa ndani ya kilobaiti 64.

Kwanza nakili disketi nzima, ufanyie kazi nakala tu. Kisha fungua nakala ya faili kwa Notepad, usihifadhi chochote. Ukiona MZ, shuka kidogo utafute PE au NE. PE ni ya Windows ya biti 32, mara nyingi bado inafanya kazi. NE ni ya Windows ya biti 16, kwa hiyo utahitaji Windows 3.1 ndani ya DOSBox (programu inayoiga kompyuta ya DOS). Ikiwa hakuna kati ya hizo, kuna uwezekano mkubwa ni ya DOS, na DOSBox pekee inatosha.

Angalia pia kama kuna faili mbili za jina moja, .COM na .EXE. Ukiandika jina bila kiambishi, DOS huanza na .COM, na virusi vya zamani vilijificha hapo, kwa hiyo pitisha antivirusi kwanza.

Disketi ikianza kukwaruza au kutoa makosa ya kusoma, na data ni ya pekee, acha kujaribu. Mpelekee fundi wa kuokoa data.