Jibu: Mteja mmoja, rekodi tatu

Ndugu, umeuliza utaunganishaje wateja wa duka la Kisumu na wa tawi la Nakuru, maana mtu mmoja anaonekana kwenye mauzo, kwenye mikopo na tena kwenye orodha ya SMS. Anza na simu. Namba inayoanza na 07 na ile ya +2547 huenda ni laini moja. Zigeuze zote ziwe za mtindo mmoja. Ila mume na mke wanaweza kutumia laini moja, kwa hivyo linganisha na namba ya kitambulisho pia.

Hatari kubwa iko kwenye majina. Programu nyingi huhesabu herufi zinazotofautiana, na zikikuta moja tu huchukulia ni kosa la uchapaji. Huku kwetu Otieno na Atieno, Ochieng na Achieng, hutofautiana kwa herufi moja na ni mwanamume na mwanamke! Ukiiacha iunganishe yenyewe, deni la kaka litamwangukia dada yake. Jozi kama hizo mpe karani anayewajua wateja, azikague moja moja.

Na tafadhali usifute rekodi ya zamani. Iwekee alama ya kuelekeza kwenye rekodi kuu, ili mkikosea muweze kuzitenganisha.