Mnaoanza fiziotherapia: bega likiuma, litazameni kombe

Wadogo zangu mnaoingia kliniki kwa mafunzo ya vitendo, mgonjwa wa bega mtakutana naye karibu kila siku. Atakuja amejishika mbele ya bega, na mikono yenu itataka kwenda papo hapo. Nawaomba mzunguke mgongoni kwake kwanza mkaliangalie kombe la bega.

Kombe limelala juu ya mbavu, tangu ubavu wa 2 hadi wa 7. Kiungo pekee cha mfupa kwa mfupa kinacholiunganisha na kiwiliwili kinapitia mtulinga. Kwingine kote limeshikwa na misuli, 17 kwa hesabu ya vitabu vingi vya anatomia. Mtu akiinua mkono hadi juu kabisa, nyuzi 180, takribani 120 hutoka kwenye kiungo cha bega chenyewe na 60 hutokana na kombe kuteleza na kuzunguka juu ya mbavu. Uwiano huo wa mbili kwa moja ulielezwa na Verne Inman na wenzake mwaka 1944. Watu hutofautiana, lakini kwa kazi ya kila siku bado unatosha kukuongoza. Kwa kuwa kombe linategemea misuli kiasi hiki, matatizo yake mengi yanatibika kwa kuifundisha misuli kazi upya. Hilo ndilo ninalotaka mlishike.

Kutazama kuna adabu yake. Mwanamume avue shati. Mama mwombe afunge kanga yake chini ya makwapa ili makombe yote mawili yabaki wazi, pazia livutwe, na kama wewe ni mwanamume awepo mwenzako wa kike. Mweleze sababu kabla hujamwomba. Akishaelewa, ni nadra akatae. Kupapasa juu ya gauni hakutakuonyesha kitu. Kisha ainue mikono yote miwili mbele, polepole, na aishushe polepole zaidi. Kombe dhaifu mara nyingi hujificha mkono ukipanda na kujifichua ukishuka. Usipoona kitu, mpe chupa ya maji ya nusu lita kila mkono arudie mara kadhaa, misuli ichoke kidogo.

Hapa Moshi tunapokea wapagazi wa Mlima Kilimanjaro. Mmoja wao, kijana mwenye nguvu zake, alikuja akisema mkono wa kulia haufiki kamba ya kuanikia nguo. Kiungo cha bega nilipokisogeza mwenyewe kilikuwa laini, hakikukwama popote. Nikamsimamisha mbele ya ukuta, viganja usawa wa kifua, nikamwambia asukume. Ukingo wa ndani wa kombe la kulia ulinyanyuka kutoka mgongoni, ukaacha upenyo ambao ncha za vidole vyangu ziliweza kuingia. Kushoto kulikuwa kumetulia. Hiyo ni dalili ya msuli wa serato, ule unaotoka kwenye mbavu za ubavuni na kulivuta kombe lishikamane na mbavu. Msuli huo unategemea neva moja ndefu inayotoka shingoni na kushuka ubavuni, na mikanda ya mzigo mzito inaweza kuibana au kuivuta.

Nyumbani walikuwa wamemkanda kwa maji ya moto na kumchua kwa mafuta kwa wiki kadhaa. Maumivu yalipungua, mkono ukabaki vilevile. Kukanda kulilegeza misuli ya shingo iliyokuwa ikifanya kazi isiyo yake, lakini hakuwezi kuiamsha neva iliyoumia. Nilimwambia aache kubeba mzigo wa mabegani, tukalinda mwendo wa kiungo kisije kikakaza, tukaanza na mazoezi mepesi ya kulala chali. Muda nilimhesabia kwa miezi tangu siku ya kwanza, kwa sababu neva hiyo huweza kuchukua mwaka mmoja hadi miwili kurudi. Mgonjwa aliyeahidiwa wiki mbili hukukimbia wiki ya tatu, na anayebaki bila tiba ni yeye.

Kwa hiyo tiba za asili tuzisemeje? Mimi sizikatazi, na ninaumia nikimsikia mwanafunzi akimsuta mgonjwa kwa sababu bibi yake amemchua. Kitambaa cha maji ya moto kwa dakika 15 au 20 hulegeza misuli iliyokaza kati ya kombe na uti wa mgongo, na hapo ndipo mazoezi yanapoingia vizuri. Kuchua kwa mafuta ya nazi hivyo hivyo. Ila ulizeni kuhusu sukari na ganzi kabla ya kuruhusu moto: asiyehisi joto sawasawa ataungua bila kujua. Aliyeanguka jana asichuliwe mpaka tujue hakuvunjika. Hijama na chuku wapo wanaosema zinawapa nafuu ya maumivu. Mwambieni tu kwamba wembe uwe mpya, na kwamba haziongezi nguvu ya msuli. Nafuu yoyote aliyoipata itumieni siku hiyohiyo kwa mazoezi.

Mazoezi yenyewe hayahitaji mashine. Alale chali, mkono unyooke kuelekea dari na chupa ya maji mkononi, kisha ausukume juu zaidi bila kukunja kiwiko, mpaka kombe liinuke kitandani. Mwendo huo mdogo wa mwisho ndio kazi ya serato. Akiuweza, asimame na kusukuma ukuta, baadaye ukingo wa meza, baadaye sakafu. Kwa misuli ya chini ya kombe, alale kifudifudi ukingoni mwa kitanda, mkono ukining'inia, auinue mbele kwa mshazari, dole gumba likitazama juu. Ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, ukafungwa kwenye nguzo, unatosha kwa mazoezi ya kuvuta nyuma. Kumi kumi, mizunguko mitatu, na kipimo cha kuacha ni kombe: likianza kunyanyuka au bega kupanda sikioni, amechoka, apumzike. Wengi wenu mtahesabu idadi huku mmekaa mbele yake. Simama nyuma, weka kiganja juu ya kombe, uhisi linavyokwenda.

Fundi cherehani na wengine wanaoinama kutwa wana shida nyingine. Misuli midogo ya mbele ya kifua hufupika na kulivuta kombe liiname mbele. Hao wanyoosheni kifua kwenye fremu ya mlango kabla ya kuwapa mazoezi ya nguvu. Na zoezi lifungwe na jambo analolifanya kila siku. Mama aliyeambiwa asukume ukuta kila anaposubiri maji ya chai yachemke atafanya, aliyeambiwa "asubuhi na jioni" atasahau.

Msimtishe mtu kwa kumwambia kombe limehama. Makombe yasiyolingana yapo kwa watu wengi wasio na maumivu yoyote, na mkono unaotumika zaidi mara nyingi bega lake hukaa chini kidogo. Kabla hamjalilaumu kombe, lisukumeni kwa kiganja pembeni na juu wakati mgonjwa anainua mkono. Maumivu yakipungua, lina mchango. Yasipobadilika, tafuteni kwingine. Bega lililoganda, ambalo huwapata zaidi wenye kisukari, hudanganya sana: kombe hupanda mapema kwa sababu kiungo chenyewe kimekaza, na ukimpa mazoezi ya kombe peke yake utamzungusha miezi bure.

Yapo maumivu ya kombe yasiyotoka kwenye kombe kabisa. Shingo hutuma maumivu ukingoni mwa kombe. Mawe ya nyongo huuma kombe la kulia, hasa baada ya mlo wa mafuta. Maumivu ya ghafla yenye jasho na kubanwa kifua yanahitaji daktari saa hiyohiyo. Homa za jioni, kukonda, kikohozi kisichoisha, maumivu yanayomwamsha usiku: rudisheni kwa daktari bila kumgusa, kwa sababu kifua kikuu na saratani ya ncha ya pafu vyote huweza kuanza kwa maumivu ya sehemu hiyo.

Ulizeni pia juu ya upasuaji. Aliyetolewa tezi ya limfu shingoni kwa ajili ya kipimo anaweza kuwa amejeruhiwa neva ya msuli wa trapezi, ule mpana unaotoka shingoni na mgongoni kuja begani. Bega lake hulegea chini na kombe hujitokeza zaidi akiinua mkono pembeni kuliko mbele. Aliyeondolewa tezi za kwapani kwa saratani ya titi anaweza kupoteza serato.

Hawa wa neva pimeni kila mwezi: mkono unafika nyuzi ngapi, na ukuta unasukumwa mara ngapi kabla kombe halijanyanyuka. Picha ya mgongo ikipigwa kwa ridhaa yake husaidia sana. Jeraha la upasuaji msilisubirie; likigundulika, apelekwe mapema, kwa sababu neva iliyokatwa haiungi kwa mazoezi. Kwa wengine, miezi ikipita bila badiliko, andikeni rufaa kwa daktari wa mifupa. Upo upasuaji wa kuhamisha msuli mwingine ufanye kazi ya serato, na daktari atataka kuona vipimo vyenu vyote tangu siku ya kwanza, vikiwa na tarehe.