Fundi wa Sauti Anajibu: Besi kwangu haipo, kwa mke wangu inanguruma

SWALI: Shikamoo fundi. Nina sebule ya mita 5 kwa 4 hapa Buswelu, kuta za tofali za saruji, chini vigae. Runinga iko kwenye ukuta mfupi, kochi la watu watatu limeegemea ukuta wa nyuma. Nina spika tano na sabufa moja iliyoko kwenye kona, jirani na mlango. Risiva yangu, mashine inayoendesha spika zote, ina Audyssey, ule mfumo wa kupima chumba kwa maiki na kurekebisha sauti. Niliweka maiki yake juu ya mgongo wa kochi, pale katikati ninapokaa mimi, nikapima sehemu hiyo moja tu nikafunga kazi. Zamani gitaa la besi nilikuwa silisikii vizuri, sasa kwangu ni afadhali kidogo. Lakini mke wangu, anayekaa pembeni karibu na ukuta wa dirisha, anasema kichwa kinamgonga. Watangazaji wa mpira nao sauti zao zimefifia. Halafu risiva inaniambia sabufa iko mita 8 kutoka kwangu, wakati chumba chenyewe mita 5! Imeharibika? (Mwalimu, Buswelu)

JIBU: Marahaba mwalimu. Haijaharibika. Umeipa nafasi ya kukusikiliza wewe peke yako, ikakusikiliza, na bili analipa shemeji.

Tuanze na chumba, maana ndicho kinachopiga muziki kwako kuliko hata sabufa. Kwa joto letu la nyuzi 25 hivi, sauti inasafiri kama mita 346 kwa sekunde. Gawa namba hiyo kwa urefu wa chumba mara mbili, unapata mlio ambao chumba kinaupenda na kuushikilia. Kwa mita zako 5 ni hezi 35 hivi (yaani mitetemo 35 kwa sekunde), na mwenzake wa juu hezi 69. Kwa upana wa mita 4 ni hezi 43. Sasa waya mnene kabisa wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, unatoa hezi 41. Umeona palipo na kesi? Noti ya chini ya mpiga besi inaangukia karibu kabisa na mlio wa upana wa sebule yako.

Mlio wa namna hiyo haukai sawa chumba kizima. Unajaa kwenye kuta mbili zinazotazamana na kufa katikati yake. Wewe uko katikati ya kochi, yaani mita 2 kutoka kila ukuta, pale pale unapofia. Shemeji yuko ukutani, pale unapojaa. Mnalipia umeme mmoja, mnasikia nyimbo mbili.

Maiki ikawekwa kwako. Mashine ikaona shimo, yaani mlio uliopungua, kwenye hezi 43, ikaongeza moto ili ilijaze. Kwako shimo halijajaa, kwa sababu sauti mpya inauana na yenyewe kama ya zamani ilivyofanya. Kwa shemeji kila ulichoongeza kimefika chote, juu ya kile kilichokuwa kimezidi tayari. Na sabufa nayo inaumia. Kuongeza sauti kwa desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kunadai nguvu mara mbili, desibeli 9 mara nane. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu: mpe mashine mlima, yaani mlio uliozidi, aukate, usimpe shimo alijaze.

Kwa hiyo kabla hujagusa maiki tena, hamisha sabufa. Itoe kwenye kona, iweke chini ya runinga, katikati ya ukuta mfupi, mita 2 kutoka kila upande. Ikikaa pale ambapo wimbi la upana halina nguvu, haiwezi kuliamsha. Wewe hupati shimo, shemeji hapati ngurumo, na hujatumia hata shilingi. Najua utaniambia pale pana meza ya runinga. Isogeze meza. Watu wengi wanapenda kona kwa sababu besi inasikika nyingi, na kweli ni nyingi, ila ni ya noti mbili tatu tu, hizo nyingine zinabaki na njaa.

Pili, toa kochi ukutani, mita moja kuja mbele. Najua sebule itaonekana imepungua, na wageni watauliza kama mnahama. Lakini ukiwa umeegemea ukuta wa nyuma umekaa juu ya kilele cha mawimbi yote ya urefu. Ukija mbele mita moja, ule wa hezi 69 unashuka vizuri sana. Wa hezi 35 utabaki karibu kama ulivyo, na huo ndio wa kuiachia mashine: kochi zima linausikia kwa kiasi kilekile, kushoto, kulia na katikati, kwa hiyo ukikatwa unakatwa kwa wote. (Kama sebule yako imeungana na sehemu ya kulia chakula bila ukuta, hesabu yangu ya mita 5 haisimami. Pima hadi ukuta unaofuata.)

Nyumba zetu hizi za tofali na saruji zina tabia yake. Ukuta wa mbao nyembamba au jasi unatikisika na kuipitisha besi nje, ukuta wako unairudisha ndani karibu yote. Kwa hiyo milima yako ni mirefu kuliko unayoiona kwenye video za watu wa Marekani wanaopima vyumba vya mbao. Usishtuke ukiona mchoro wa vipimo vyako umepanda na kushuka kama barabara ya kwenda Bugando.

Haya, sasa maiki. Tafuta stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu. Maiki ya risiva nyingi ina tundu la nati chini yake, inafunga yenyewe. Ikae usawa wa masikio yako ukiwa umekaa, ncha ikitazama dari, na isiguse kochi. Mgongo wa kochi uko nyuma yake sentimita chache unarudisha milio ya juu, na hapo ndipo kosa la sauti za watangazaji lilipoanzia. Nafasi ya kwanza iwe kiti chako kikuu, kwa sababu Audyssey inachukua umbali na kiwango cha kila spika kutoka hapo. Halafu endelea na nafasi zote inazokuomba, sita au nane kulingana na toleo: kwa shemeji, upande wa pili, kidogo mbele, kidogo nyuma, zote ndani ya eneo mnalokaa. Usiipeleke maiki jikoni.

Zima feni ya dari, siyo kuipunguza. Zima na friji kama iko karibu. Subiri bodaboda zilale, na kama mvua inapiga bati, acha kabisa, pima kesho. Kitufe cha sauti cha sabufa, kile cha kuzungusha, kiweke ili kipimo chake kisomeke karibu na desibeli 75 mashine inapokuuliza, na kile kitufe cha kukata milio ya juu nyuma ya sabufa kizungushe hadi mwisho; kukata ni kazi ya risiva, vifaa viwili vikikata pamoja vinagombana.

Hizo mita 8 ziache kama zilivyo, mwalimu, tafadhali. Mashine haina futi, inapima muda. Saketi za ndani ya sabufa zinachelewesha sauti milisekunde kadhaa, na risiva inatafsiri ucheleweshaji huo kuwa umbali. Ukiandika mita za kweli, sabufa na spika za mbele zitaanza kupishana, na ngoma itapigwa mara mbili.

Ikimaliza, ingia kwenye menyu uangalie imeziitaje spika zako. Ikizisoma kuwa kubwa, wewe zibadilishe ziwe ndogo na uziwekee mpaka wa hezi 80, milio ya chini ya hapo iende kwenye sabufa. Halafu hao watangazaji: Audyssey kwa kawaida inapunguza kidogo milio ya karibu hezi 2,000, eneo ambalo masikio yetu yanalitegemea sana kwa maneno ya mtu. Kwenye programu ya simu ya MultEQ Editor, ambayo inauzwa, unaweza kuzima hilo, na pia kuiambia mashine irekebishe hadi hezi 300 tu, juu ya hapo isiguse. Mimi ndivyo ninavyowafungia wateja wenye spika nzuri. Chini ya hezi 300 bosi ni chumba, juu yake bosi ni spika, na aliyeitengeneza alikuwa na vifaa kuliko mimi na wewe. Wenye Yamaha watakutana na mfumo wa YPAO, wenye Pioneer MCACC, wengine Dirac Live. Menyu zinatofautiana, fizikia ni ileile.

Jambo moja la mwisho kwako. Cheza mlio unaopanda polepole kutoka hezi 30 hadi 150 na uzunguke sebule. Nyumba moja Isamilo mwenye nyumba alikuwa ameshatafuta mnunuzi wa sabufa yake, akiamini imechanika. Mlio ulipofika hezi 52 hivi, mlango wa kioo wa kabati la vyombo ulianza kulia zzzz. Nilipoushika kwa kidole ukanyamaza. Karatasi iliyokunjwa mara nne ilimaliza ugonjwa. Hakuna programu ingeuona ugonjwa huo.

SWALI: Nina banda umiza karibu na mwalo wa Kirumba, kuta za bati. Sauti inagongana mno. Nimekusanya trei za mayai nizibandike, nyingi tu. Zitasaidia? (Msomaji, Kirumba)

JIBU: Zitasaidia mende. Trei ni karatasi nyembamba, inapunguza kidogo milio ya juu tu, na banda la bati lenye trei ukuta mzima likishika moto hutatoka. Tundika mapazia mazito yakiwa na pengo la sentimita 10 kutoka kwenye bati, na bati zinazotikisika zipigilie mbao kwa nyuma. Usipange ikwalaiza asubuhi banda likiwa tupu, miili ya watu inanyonya sauti nyingi ya juu. Panga kwenye mechi, watu wakiwa wamejaa.

SWALI: Naweza kupima chumba kwa maiki ya simu badala ya kununua? (Msomaji, Sengerema)

JIBU: Kulinganisha kiti na kiti, sawa. Kusahihisha, hapana: simu nyingi zinakata besi, na utaongeza ambayo haikupungua. Programu ya kupimia chumba ya Room EQ Wizard ya John Mulcahy ni ya bure, inakaa kwenye kompyuta ya kawaida. Pesa peleka kwenye maiki ya kupimia kama UMIK-1 ya miniDSP, inaingia kwenye USB, na kila moja ina faili lake la usahihisho kwa namba yake. Ukinunua iliyokwishatumika, hakikisha namba iliyoandikwa mwilini bado inasomeka.