Kamera ya simu inagoma maktabani

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na nimekabidhiwa pia maktaba ya shule. Programu yetu ya maktaba imewekwa kwenye laptopu moja ya ofisini, na ina kitufe cha kuskani bakodi, ile mistari myeusi ya kitabuni, kwa kamera. Nikikibonyeza kwenye laptopu hiyo, kamera inawaka ila picha ni ukungu mtupu. Nikiifungua programu kwenye simu yangu kwa Wi-Fi ya shule, kamera haiwaki wala haiombi ruhusa. Siku moja laptopu ilibahatika kusoma, ikaniambia kitabu hakipo, na mimi ndiye niliyekiingiza na kukibandika stika yetu ya bakodi! Ninunue simu nyingine?
Mwalimu, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Simu usinunue, pesa yako iache ipumzike.

Kamera kuwaka kwenye laptopu na kugoma kwenye simu, hapo umeshanipa nusu ya jibu. Kivinjari cha Chrome, ambamo programu yenu hufunguka, kiliacha kutoa kamera kwa kurasa zisizo salama tangu mwishoni mwa 2015: anwani isipoanza na https, kamera huipati. Laptopu inapofungua programu iliyomo ndani yake yenyewe, kwa jina la localhost, inasamehewa, maana hakuna kinachotoka nje. Simu yako inapita hewani kwa zile namba zinazoanza na 192.168, haina msamaha huo. Mwambie aliyewafungia programu awawekee cheti cha https ambacho simu zenu zitakikubali.

Ukungu nao una sababu yake. Kamera za laptopu nyingi zimetengenezwa zione uso wa mtu aliyekaa kwenye kiti. Ukisogeza kitabu karibu ili mistari iwe mikubwa, ndiyo kwanza inapotea. Kamera ya nyuma ya simu nyingi hujirekebisha yenyewe.

Sasa hilo la "kitabu hakipo". Geuza kitabu chochote cha darasani utazame jalada la nyuma. Bakodi inayoanza na 978 ni ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, aliiweka mchapishaji. Vitabu vingi vya kwetu utaona inaendelea na 9976 au 9987. Namba hiyo ni ya toleo zima. Mkiwa na nakala 40 za riwaya moja, zote 40 zina namba ile ile, na programu haiwezi kujua mtoto wa Kidato cha Pili kaondoka na nakala ipi. Ndiyo maana ulibandika stika yenu, kila nakala na namba yake. Wewe unajua ipi ni ipi. Kamera haijui, inaokota bakodi yoyote inayoiona kwanza, na nahisi siku ile iliokota 978. Wakati wa kuazimisha, ifunike kwa kiganja. Mimi stika nilikuwa nikiibandika ndani, ukurasa wa kwanza, mbali kabisa na ile ya mchapishaji. ISBN iache kwa siku ya kuingiza kitabu kipya.

Mezani pa kuazimishia, foleni ya mapumziko ikiwa mlangoni, kamera itakuchosha hata ikikubali. Shule ikipata fedha, nunueni skana ya waya. Kwa kompyuta ile ni kama kibodi tu: inaandika namba, inabonyeza Enter, haina habari na https wala ruhusa. Simu itakufaa kwenye kuhesabu vitabu rafuni, kazi ambayo laptopu huwezi kuzunguka nayo.

Hukuniuliza habari ya mkasi, ila nakuambia. Likizo moja nilichapa stika 600, nikazikata vizuri mpaka kwenye mstari wa mwisho mweusi, nikabandika zote na kuzifunika kwa selotepu ing'aayo. Hazikusomeka. Bakodi inahitaji weupe kila upande. Kwa bakodi za aina iitwayo Code 128 weupe huo ni walau mara kumi ya upana wa mstari mwembamba kuliko yote. Mimi nilikuwa nimeukata wote nikiuona karatasi ya bure. Na zile chache zilizosalimika, selotepu ilirudisha mwanga wa taa ya dari, kamera ikaona doa jeupe. Nilizibandua kwa wembe, jalada kwa jalada. Kwa hiyo chapa tano kwanza, bandika, skani kwa simu chini ya taa ile ile ya maktaba, ndipo uchape zilizobaki.