RAV4 Sport au ya kawaida? Anza na tairi

Swali hili naulizwa sana: "Kaka, nimeona Toyota RAV4 mbili za mnada Japani, mwaka mmoja, kilomita zinakaribiana, ila yenye maandishi ya Sport imezidi bei. Niongeze hela?" Nimeziendesha zote mbili, na huwa najibu kwa kuuliza: kwenda kwako lami inaishia wapi?

Nazungumzia kizazi cha tatu, kilichoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2005. Wengi wanadhani Sport ina nguvu zaidi. Haina. Fungua boneti utakuta injini ileile ya 2AZ-FE ya lita 2.4, nguvu za farasi 170, na gia ileile ya CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia. Ukitaka kulipita semi njia ya Chalinze, zote zinavuta sawa.

Kilichobadilika ni fenda zilizopanuliwa, springi na shokapu ngumu kidogo, na rimu za inchi 18. Hapo kwenye rimu ndipo penye kesi. Tairi ya Sport ni 235/55R18, ya kawaida mara nyingi ni 225/65R17: namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ukuta kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni inchi za rimu. Piga hesabu: asilimia 55 ya 235 ni milimita 129, asilimia 65 ya 225 ni 146. Ukuta wa tairi umepungua milimita 17, na ukuta huo ndio unaomeza shimo kabla halijafika kwenye rimu, shokapu na kiuno chako. Kwenye lami nzuri Sport naipenda, siwezi kudanganya. Kona inakata bila kuyumba. Ingia barabara ya vumbi ya mtaani baada ya mvua, kila jiwe utalihesabu. Halafu watu wanaiona pana wanasema hii ndiyo ya porini, wakati ukipima duara zima la tairi, Sport inakaa chini kwa kama milimita 4.

Toleo la kimichezo lenye maana lipo, ila si la RAV4. Subaru Forester XT ya SH5, yaani kizazi cha tatu cha Forester, ina turbo na farasi 230, wakati mwenzake wa lita 2.0 asiye na turbo ana 148. Hapo hela yako imeingia kwenye injini, ingawa utailisha petroli ya premium (yenye oktani ya juu) na oili haitaki mzaha.

Turudi kwenye RAV4. Kama tofauti ya bei ni ndogo na karatasi ya mnada ya Sport inaonyesha gredi 4 huku ya kawaida ina R, maana yake iliwahi kugongwa ikatengenezwa, chukua Sport wala usifikirie mara mbili. Hali ya gari kwanza, maandishi ya mlangoni baadaye. Tofauti ikiwa kubwa, baki na hela yako. Hizo 2AZ-FE za kizazi hiki zina sifa ya kula oili, na kuifumua injini si bei ya soda.

Na kama tayari unayo Sport na njia inakutesa, tafuta rimu za inchi 17 za RAV4 ya kawaida pamoja na tairi zake, mwambie fundi azijaribishe kwanza kabla hujalipa. Utapata ahueni, ila springi ngumu zitabaki palepale, kwa hiyo usitarajie ulaini wote.