Rangi ya uso au hulka ya mtu?

SWALI: Katika utangulizi wa hadithi za Canterbury, mshairi wa Kiingereza Chaucer anamweleza mwenye mashamba mmoja kuwa "complexion" yake ilikuwa ya damu. Kamusi yangu inasema neno hilo ni rangi na hali ya ngozi ya uso. Je, mshairi alimaanisha tu kwamba mtu huyo alikuwa na uso mwekundu?

JIBU: Alimaanisha zaidi ya hayo, ingawa wekundu wa uso ulikuwamo. Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alilitumia neno hilo kama walivyolitumia matabibu wa zama zake, yaani jinsi joto, baridi, unyevu na ukavu vilivyochanganyika katika mwili wa mtu na kumpa hulka yake. Elimu hiyo ilitoka kwa Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, ikaendelezwa na Ibn Sina, tabibu wa Kiajemi, na ilihesabu majimaji manne mwilini: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Aliyezidi damu alidhaniwa kuwa mchangamfu na mpenda raha, na ndiyo maana mstari unaofuata unatuambia kuwa bwana huyo alipenda kula asubuhi mkate uliochovywa katika divai.

Kwa kuwa hakuna aliyeweza kuuona mchanganyiko huo, matabibu waliusoma usoni, wakichukua wekundu kuwa dalili ya damu na umanjano kuwa dalili ya nyongo. Hivyo taratibu dalili ikalitwaa jina la kile ilichokionyesha. Kufikia mwisho wa karne ya 16 maana ya rangi ilikwisha kushika mizizi. Katika tamthilia ya mfanyabiashara wa Venisi, Shakespeare anamleta mwanamfalme wa Moroko, ambaye neno lake la kwanza kwa Portia, bibi tajiri ambaye wachumba wake hupimwa kwa kuchagua kasha moja kati ya matatu, ni kumsihi asimchukie kwa sababu ya complexion yake, kisha anataja jua lililomtia weusi. Hapo ni ngozi, bila shaka. Hata hivyo, mwanamfalme anapochagua kasha lisilo sahihi na kuondoka, Portia anaomba wote wenye complexion kama ya mwanamfalme huyo wachague vivyo hivyo, nami siamini kwamba hadhira ya wakati ule, iliyokuwa bado inatibiwa kwa kutolewa damu, ilisikia ngozi peke yake.

Tiba hiyo iliachwa katika karne ya 19. Leo Waingereza husema pia kwamba habari mpya imelipa jambo complexion nyingine, yaani sura nyingine, matumizi ambayo hayahusu ngozi wala nyongo.