Waranti ya nyumba: kabla hujalipa, kasome stika ya hita yako ya maji

Mdogo wangu kanunua nyumba Columbus mwezi uliopita, juzi kanipigia ana wasiwasi kweli. Kapata barua, juu imeandikwa taarifa ya mwisho, ina jina lake na jina la benki iliyomkopesha, inasema waranti ya nyumba yake inakaribia kuisha apige simu haraka. Nikamwambia itupe. Huku Marekani ukinunua nyumba hati inasajiliwa kaunti na mtu yeyote anaweza kuisoma, ndo wanakotoa hayo majina. Na yeye hajawahi kuwa na waranti, sasa inaishaje?

Alafu akaniuliza swali lenyewe, je ninunue au nisinunue? Tuliongea karibu saa nzima, naandika na hapa maana wengi wetu huku tunanunua nyumba ya kwanza kwenye ukoo mzima na hatuna wa kumuuliza.

Waranti ya nyumba sio bima ya nyumba. Bima ni ile benki inakulazimisha uwe nayo, inalipa moto, upepo mkali, mti ukiangukia paa. Waranti ni mkataba wa matengenezo, unalipa kwa mwaka na AC au hita ya maji au friji ikifa kwa kuchakaa unapiga simu wanakutumia fundi. Fundi wao, sio wa kwako, hapo pakumbuke sana. Na kila akija unalipa ada ya kuitwa hata kama hajatengeneza kitu.

Mimi nilinunua Arlington, Texas, 2018, mwaka wa kwanza muuzaji ndo alilipia. Mwaka wa pili nikalipa mwenyewe dola 560, kwa uoga tu, sikusoma chochote. Julai AC ikaacha kupoza, ile mashine ya nje inaunguruma lakini feni haizunguki. Nimepiga simu Ijumaa, fundi kaja Jumanne. Siku nne jamani, na joto la Texas mnalijua, mtoto ana miezi mitano tunalala naye chini kwenye vigae na feni mbili zimeelekezwa kwake. Fundi alipofika hata nje hakwenda, alienda moja kwa moja kwenye korido akachomoa filta ya AC, ile inayochuja vumbi, akaipiga picha. Filta ilikuwa ya kijivu, vumbi limegandana kama blanketi, sikatai, hakuna aliyewahi kuniambia inabadilishwa. Nikalipa ada yake dola 85, baada ya siku mbili ikaja imeili kwamba ombi limekataliwa, sababu mashine haikutunzwa.

Jirani akanipa namba ya fundi anayemjua. Kaja jioni ileile, kafungua mashine ya nje kanionyesha kapasita, kile kifaa kidogo kinachoipa feni nguvu ya kuanza kuzunguka, imevimba juu kama kopo la nyanya lililoharibika, akaniambia joto ndo linaziua hizo. Dakika ishirini, dola 210, ndani pakaanza kupoa. Nililia siku ile.

Ila haki niseme, Januari hita ya maji ikaanza kuvuja na waranti hiyohiyo ikanipa tanki jipya, nikatoa ada na dola 340 za vitu ambavyo sheria ya mji inataka viwekwe na mkataba haulipi. Ningenunua mwenyewe ingepita dola 1,500. Kwa hiyo sisemi ni wizi, nasema angalia umri wa mashine zako kwanza. Hita ya tanki inaishi kama miaka 8 mpaka 12, AC 10 mpaka 15, na stika ya pembeni ina serial namba ambayo mara nyingi inaonyesha mwaka imetengenezwa.

Kama nyumba ni mpya usinunue, mjenzi anakupa waranti yake, kawaida mwaka 1 kwa kazi ya mikono, 2 kwa mabomba na umeme, 10 kwa muundo wa nyumba. Kama ni ya zamani na bado hujasaini, mwambie ajenti wako wa nyumba aombe muuzaji alipie mwaka mmoja, wengi wanakubali. Ukijinunulia baadaye mikataba mingi inakusubirisha siku 30. Na dai mkataba mzima kabla hujatoa kadi, sio ile karatasi ya matangazo, tafuta kiwango cha juu wanacholipa kwa kila kifaa maana unaweza kukuta AC ya dola 8,000 wao mwisho wao 2,000. Risiti za sevisi tunza, filta ukibadilisha piga picha.

Mdogo wangu kanitumia picha za stika. Fanesi (mashine ya kupasha nyumba joto) na AC bado changa, hita ya maji ni ya 2011, na ripoti ya ukaguzi aliyopewa kabla ya kununua inasema ina kutu chini. Hapo waranti haimsaidii, watasema tatizo lilikuwepo tangu mwanzo na karatasi anayo mwenyewe. Nimemwambia dola 600 za waranti asiwape, aanzie nazo kununua hita sasa hivi kabla haijapasuka ikalowesha besimenti, chumba cha chini ya nyumba. Jumamosi mafundi wawili wanakuja kumpa bei.